Safari Iliyofungwa kwa Kufuli

Goma, 14 Aprili 2025

Mwanaheri, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu, ingawa salamu zangu za Idi hukuzijibu. Hapa kwetu tu wazima. Binti yangu Fatouma bado anauza vitenge sokoni Virunga, wanawe wawili wanakula kama wamelipwa wale, na goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Habari za vita vya Januari sikusimulii. Jirani zako wa Ujiji walioziona kwenye simu wanazijua vizuri kuliko mimi niliyekuwa chini ya kitanda.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ulinikatia. Mtu wa miaka sitini na tisa akikatiwa sentensi katikati hasahau. Constant, yule mfanyabiashara anayekuja Kigoma kuchukua dagaa, amekubali kubeba barua zetu. Ni Mkatoliki wa Butembo, na mambo ya watu anayadharau kabisa. Sifa ya mpeleka barua ni hiyo.

Sasa neno lenyewe. Naja Ujiji. Naja peke yangu, na naja na moto.

Usicheke. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, Goma, Rutshuru, Butembo na kurudi, nikibeba maharage, mbao, na mara moja kitanda cha askofu. Hawa vijana wa moto wa hapa mjini, wanaoendesha kana kwamba roho zao wameziazima, hawana la kunifundisha. Nitavuka mpaka hapa, nipite Musanze, Kigali, Rusumo, kisha Kibondo na Kasulu mpaka mlangoni kwako. Ni kilomita mia nane hivi. Fundi Benny amenibadilishia mnyororo na breki, na kila akiinua kichwa ananiuliza, "Muzee, ni kweli unaenda, ao ni ya kusema tu?" Nimemwambia afungue nati na afunge mdomo.

Nitabeba mkeka wa kuswalia, birika, koti la mvua, shuka mbili, bidon ya mafuta ya lita tano, spana sita, dawa ya goti, maharage ya Rutshuru kilo kumi, na fromage mbili nzima za Masisi. Hizo ni zako, kwa kuwa najua samaki wenu wa kila siku wamekuua ulimi. Niandalie chumba kisicholala kuku.

Kaka yako,
Idrissa


Ujiji, 9 Mei 2025

Kaka Idrissa,

Salamu zako zimefika, zimechoka kuliko Constant mwenyewe. Sisi hatujambo. Mume wangu Kitwana yupo barazani anatengeneza saa ambazo wenyewe hawazitaki tena. Mandazi yangu yanauzika. Mwanangu yuko kazini Tabora, kaniachia mke wake Tausi, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto mwenye adabu ambaye simstahili.

Nimesoma kwamba unakuja. Niliyasoma pia mwaka 2022, ukafunga sanduku, ukasema pasipoti bado. Mwaka 2023 pasipoti ikaja, ukasema huna chombo. Mwaka jana chombo kikaja, ukasema goti. Wenzako wakisema wamefunga safari, watu huwaaga. Wewe safari unaifunga kweli, unaifunga kwa kufuli, na ufunguo unautupa ziwani.

Tena umeandika unakuja "na moto". Nilimsomea Tausi, akashtuka, akauliza mjomba ana ugomvi gani nasi mpaka aje kutuchoma. Huku moto uko jikoni. Kitu cha magurudumu mawili kinachonguruma kinaitwa pikipiki. Miaka arobaini nimeishi na watu wanaosema mtu na mtoto. Hizo mutu na mutoto zenu nimezisahau, na sijazitamani hata siku moja.

Orodha yako imenichekesha. Maharage kilo kumi! Hiyo Kasulu utakayoipita, kama utaipita, wanauza maharage mpaka wameyachoka. Jibini lako litafika likiwa mchuzi. Na je, umekumbuka kwamba ukivuka Rusumo watu wanaendesha kushoto? Wewe umeshika kulia maisha yako yote. Utakutana na lori uso kwa uso, na nakujua, utalilaumu lori.

Spana sita umeandika, lakini kitu ambacho hata mwuza karanga angekikumbuka hukukiandika: mpira. Mpira wa ndani, wa akiba. Miiba ya Kibondo haiulizi umri. Beba miwili.

Na swali moja. Ile sweta ya kijani ya mama bado unayo? Nilifika Goma siku mbili baada ya mazishi, mwaka 2009, nikakuta umeshagawa kila kitu mpaka kanga zake, na sweta umesema imeraruka, imetupwa. Fatouma amemwambia Tausi kwamba unaivaa kila asubuhi ukinywa chai.

Mwanaheri


Goma, 2 Juni 2025

Mwanaheri,

Salamu kwako, kwa Mwalimu Tausi aliyeshtuka, na kwa mumeo Kitwana pamoja na saa zake. Alipokuja kukuposa alinizawadia moja. Ilisimama kabla yeye mwenyewe hajafika Mugunga, hapo nje ya mji, kurudi kwao. Nilijua siku ile kwamba umepata mume wa kukaa barazani.

Sisi wazima. Fatouma amekana kwamba alisema lolote kwa mtu yeyote, na huwa anakana hivyo anapokuwa amesema yote.

Kuhusu kushoto, usinitishe. Kila asubuhi napanda na moto (ndiyo, moto, na ukitaka waite zimamoto) mpaka Munigi, kwenye uwanja wa shule, na kuzunguka upande wa kushoto mara ishirini. Nimefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto ili nisisahau. Siku tatu za kwanza wanawake wanaouza kando ya barabara waliambiana, "Muzee amepoteza akili, musimuchekelee." Jana nilijaribu barabarani kidogo. Mwenye chukudu mmoja, amejaza viazi mpaka kidevuni, akaja mbele yangu, akasimamisha ule mti wake wa magurudumu, akaniuliza kwa upole, "Muzee, wewe ni mutu wa kuume ao wa kushoto? Uamue, niko na viazi." Nikaamua. Nilitua mtaroni, lakini upande wa kushoto.

Hicho unachokiita mpira kwetu ni chambre à air. Na mtu wa malori hafundishwi pancha na mwanamke aliyepanda baiskeli mara moja maishani akaangukia sufuria ya mafuta. Nimenunua mbili hata hivyo, uishiwe la kusema. Pasipoti ninayo mezani hapa, ngumu, mpya, inanukia kama ya dukani.

Swali lako la mwisho sikulisoma vizuri, wino ulikuwa umefifia.

Nitaondoka baada ya Idi ya kuchinja.

Idrissa


Ujiji, 20 Julai 2025

Kaka Idrissa,

Hatujambo. Barua imechelewa kwa sababu nilikuwa na shughuli. Anaandika Tausi, mimi nasema. Miwani yangu imevunjika, usianze.

Idi ya kuchinja imepita. Mbuzi kaliwa, ngozi imekauka, wewe bado unazunguka uwanja wa shule na uzi mkononi kama mtoto aliyefungwa hirizi. Pasipoti ina miaka miwili haina muhuri hata mmoja, nawe unaisifia harufu.

Huku Kitwana siku hizi anapika. Ugali wake una mabonge ya kujengea ukuta, lakini tunakula. Mandazi nimeyaacha kwa muda, mikono imechoka. Tausi anasema nikusalimie kwa niaba yake, na kwamba mjomba anachekesha. Nimemwambia asikuzoee.

Wino wangu haukufifia. Umefifia wewe. Nakuuliza tena sweta ya mama iko wapi.

Na nipe tarehe. Nimechoka na "baada ya" zako. Naitaka tarehe, na sababu ya kuitaka ni yangu.

Mwanaheri


Goma, 11 Agosti 2025

Mwanaheri,

Salamu. Shughuli gani hiyo ya kukaa miezi miwili bila kujibu barua? Rais wa nchi gani amekuteua? Mimi niliye na benki zilizofungwa na goti lililofungwa najibu kwa wiki tatu.

Ya Kitwana kupika nimecheka mpaka nikashika ukuta. Nilimsomea Fatouma, yeye hakucheka. Akaniuliza habari zako, "Papa, tante iko muzima?" Nikamwambia mtu anayetukana vizuri namna hii hana ugonjwa, labda uvivu. Umeacha mandazi, umeacha kupika, umeacha hata kushika kalamu. Umekuwa Kitwana wa pili. Sasa baraza litawatosha?

Huku nimejaribu mizigo. Nimegundua kwamba kupakia lori ni kazi ya nguvu, lakini kupakia moto ni kazi ya akili, ndiyo maana vijana wa hapa hawaiwezi. Kizito kinakaa chini na mbele, chepesi juu na nyuma, unachokihitaji kwanza unakifunga mwisho. Yote haya nilimweleza Benny mbele ya msikiti, Ijumaa, watu wakitoka. Nikapanda, nikashika breki kuonyesha uthabiti, na moto ikalala ubavu taratibu kama ng'ombe, mimi juu yake, maharage yakamwagika mpaka kwenye kandambili za imamu. Benny akainama, akaokota. Nimepunguza maharage, yamebaki kilo tatu.

Sweta unayoililia ipo. Haikutupwa. Iko kabatini, na itabaki kabatini. Wewe uliyechelewa kumzika mama kwa siku mbili ulitaka nini, nikuwekee foleni? Na Ujiji kwenyewe, kwenye joto la kukausha dagaa, utaivaa wapi? Siileti, na usiniulize mara ya tatu.

Tarehe: mvua zinaanza mwezi ujao, na mtu mwenye akili haanzi safari na mvua. Weka mwisho wa mwaka, inshallah.

Idrissa


Ujiji, 16 Septemba 2025

Yaya Idrissa,

Sisi wazima. Huku joto limeanza. Njoo ukiweza. Niletee mupira.

Mwanaheri


Goma, 1 Oktoba 2025

Mwanaheri,

Salamu. Sisi wazima, na mvua zimeanza kama nilivyosema, kwa hiyo mara hii mwenye akili tunamjua.

Nimeipokea barua yako, kama inaitwa barua. Constant alinikabidhi bahasha, nikaipima mkononi nikadhani amesahau kilichomo ndani. Mistari miwili! Miaka yote nilikuwa nakungojea uishiwe matusi, na siku hiyo imefika, na kwa kweli nimesherehekea kwa chai ya maziwa.

Lakini nina malalamiko juu ya Mwalimu Tausi. Mwalimu gani wa serikali anaandika "mupira"? Watoto wa huko anawafundisha nini, Kiswahili cha hapa Birere? Wewe uliyejisifu kwamba mutu na mutoto umezisahau, mkwe wako anaziokota jalalani na kukuandikia. Tena "Yaya". Kwenu huko yaya si mtumishi anayefuta watoto kamasi? Nimfute nani, Kitwana?

Na mpira wenyewe, nilishakuambia tangu Juni kwamba nimenunua. Ziko mbili, zimekunjwa, zimepakwa poda, zimo kwenye mfuko chini ya birika. Ukinikumbusha mara ya tatu nitakuvisha moja shingoni.

Kwa haraka uliyonayo, jipepee kwanza. Nilisema mwisho wa mwaka.

Idrissa


Kasulu, 10 Oktoba 2025

Mwanaheri,

Barua hii haibebwi na Constant. Naiandika mezani kwa mwuza chai, nimetoka kuswali alfajiri, moto iko mbele yangu imejaa vumbi mpaka kwenye taa. Nimebakiza kilomita tisini hivi. Nitakupa mwenyewe mkononi, kwa sababu nikifika najua nitaanza kuongea upuuzi na haya sitayasema.

Barua ya tarehe mosi nilimpa Constant, na Jumamosi akaondoka nayo. Jumapili asubuhi nilikuwa nakunywa chai mlangoni. Mvua ilikuwa imekatika, baridi ya hapa kwetu unaijua. Fatouma alikuwa anawaandaa watoto kwenda kwa jirani, yule mdogo anakataa kuvaa, anakimbia uani kifua wazi. Fatouma akamwita, "Vala mupira! Baridi itakukamata!"

Kikombe kilibaki hewani. Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa nini, Mwanaheri? Nilikuwa nimevaa mupira ya mama, ile ya kijani, viwiko vimetoboka, kama ninavyoivaa kila asubuhi tangu 2009.

Hatuna neno lingine la nguo ile. Mama hakuwa na neno lingine. "Muvae mipira, bana bangu," kila asubuhi kabla ya shule, wewe ukilia kwamba inawasha. Nami, mzaliwa wa Goma, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, nimesoma neno la mama yangu nikaona chambre à air. Kwa kubishana na Kiswahili chako cha Ujiji nimesahau changu. Wajinga nimewaona barabarani miaka thelathini na moja, lakini huyu wa juzi aliyekuwa na kikombe mkononi amewashinda wote.

Nikaingia ndani nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Mwezi wa tano uliandika sweta. Mwezi wa saba, kalamu anashika Tausi, ulisema tena sweta. Mwezi wa tisa mupira. Mwalimu hakosei herufi. Ameandika alichosikia. Yeye mtoto wa huko, hajawahi kuvuka ziwa, hiyo "mu" ameitoa wapi kama si mdomoni mwako? Na "Yaya", yaani kaka kwa Kiswahili cha mama, hujaniita tangu siku uliyoolewa. Ndipo nikayaona mengine yote ambayo Fatouma aliyaona Agosti: Kitwana kupika, mandazi kuachwa, miwani iliyovunjika kwa miezi miwili katika nyumba ya mtu anayetengeneza saa. Joto limeanza, umesema, na unaomba nguo ya baridi. Na katika barua nzima hakuna tusi hata moja. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Nilikunywa chai ya maziwa juu yake.

Nikamwambia Fatouma naondoka kesho. Hakubishana. Akasema tu, "Papa, unajua barua yako ya matusi iko njiani." Nilikuwa sijaifikiria. Mwanaheri, mwaka wa nne huu nashindwa kuondoka kwa ajili yako, kwa ajili ya pasipoti, kwa ajili ya nini sijui. Nimeondoka kwa ajili ya kuiwahi barua yangu mwenyewe, ili usije ukaisoma ukiwa kitandani, peke yako, mimi nikiwa Goma najisifu.

Acha nikuambie na la mwaka jana, maana nimeanza. Goti halikuwa na neno. Nilifika mpaka kwenye barrière ya mpakani, moto imefungwa mizigo yote, nikasimama kwenye foleni. Afisa akaniuliza, "Muzee, unaenda kwa nani?" Nilikuwa nimekukatalia nguo ya mama miaka kumi na tano kwa uongo, na sikujua kama huko Ujiji bado nina mtu. Nikageuza moto. Nikarudi nyumbani nikakuandikia goti.

Safari hii mizigo niliifunga kwa nusu saa. Maharage nimemwachia Fatouma, fromage nimempa Benny. Nimebaki na mkeka, birika, koti la mvua, spana. Mupira ya mama nilitaka kuifunga juu kabisa, kwa sababu kinachohitajika kwanza hufungwa mwisho, kisha nikaona italowa, nikaivaa ndani ya koti. Imenipitisha Musanze kwenye mvua iliyokuwa inaanguka kwa mshazari. Utaikuta inanukia moshi wa lori na mimi. Harufu ya mama ilishaisha siku nyingi, na aliyeimaliza ni mimi. Nisamehe kwa hilo.

Rusumo nilivuka daraja nikiutazama uzi mwekundu kama msahafu. Hakuna lori lililonipata, na mengi yalijaribu. Afisa wa upande huu akafungua pasipoti, akaigeuza geuza akitafuta hata muhuri mmoja kabla ya ule wa juzi wa wenzake, akaniangalia kama mtu aliyenunua viatu akavitunza kabatini. Akauliza, "Mzee, unakwenda kwa nani?" Nikamwambia kwa ndugu yangu mdogo, Mwanaheri, Ujiji, anayeuza mandazi. Akagonga muhuri. Kumbe jambo lenyewe ni rahisi hivyo.

Jana mchana, kabla ya kuingia Kibondo, nikaona lori limeegeshwa kando, limetoboka gurudumu. Constant amekaa chini ya kivuli chake anakula ndizi. Nilimsimamia juu, nikamwambia anirudishie barua. Alinitazama kwa ile dharau yake ninayoipenda, akasema, "Muzee, barua ikishaingia mu mufuko yangu ni ya ule mwenye jina juu. Haiko tena ya mwenye kuandika." Nikamwambia mwenye kuandika anajuta. Akasema, "Basi umutangulie." Yeye na dereva wake wakaniuliza kama nina mpira wa akiba. Nikatoa zangu mbili, zimepakwa poda. Dereva akazining'iniza mbele ya gurudumu la lori kama hereni, wakacheka wote. Hazikumfaa mtu yeyote. Zichukue ukazifungie kuku.

Kwa hiyo matusi yangu yanakuja nyuma yangu, labda kesho, labda keshokutwa. Constant atayafikisha, mtu yule hashindwi. Mwambie Tausi ayasome kwa sauti, Kitwana asikie na yeye lake. Ya kwangu nayakubali yote, nimeyaandika mwenyewe. Lakini usinipokee kimya. Ukinipokea kwa adabu, ukaniita yaya tena kwa sauti ya upole, sijui nitasimama wapi. Naogopa, Mwanaheri. Jitahidi. Sema nimechelewa, maana nimechelewa. Sema nanuka. Sema moto iko jikoni.

Mwuza chai ananitazama, anataka meza yake. Mupira nimeshaivua, nimeikunja juu ya tangi, jua limeshachomoza, na la huku halina mchezo. Nikifika nitakupa hiyo kabla ya barua hii.

Vaa kwanza, ndipo unitukane.

Yaya wako,
Idrissa